Wanaokata Sinema Usiku, na Zawadi Wanazopeana



Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu wa namna ya peke yao. Mchana wana kazi zao kama watu wote. Jioni hurudi nyumbani, hula, huosha vyombo, hulaza watoto, kisha huketi mbele ya mashine mpaka usiku wa manane, wakikata vipande vya sinema ambazo si zao na kuviunga upya juu ya wimbo ambao pia si wao. Hawalipwi hata senti. Hawauzi. Nao wana mashindano yao, wana waamuzi wao, wana tuzo zao. Wengi wa hao ninaowajua habari zao wako Marekani, na kazi hiyo wameifanya kwa muda wa miaka hamsini sasa.

Usiseme, ndugu msomaji, kwamba jambo hili ni la mbali mno. Labda wewe mwenyewe umeketi katika kibanda cha video ukatazama sinema ya Kihindi au ya Kichina, na juu yake ukasikia sauti ya mtu anayeeleza yote kwa Kiswahili na kutia chumvi yake humo. Lufufu wa Dar es Salaam alijulikana sana kwa kazi hiyo. Sinema haikuwa yake, lakini watu walikwenda kumsikiliza yeye. Basi, hawa wa Marekani ni kama binamu zake. Tofauti yao ni kwamba wao hawasemi neno. Husema kwa kuchagua picha gani ifuate picha gani, na kwa maneno gani ya wimbo.

Mambo yalianza hivi. Kuanzia mwaka 1966 mpaka 1969 televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo uitwao Star Trek, habari za watu wanaosafiri kati ya nyota. Ulipokoma, wapenzi wake hawakukubali kwamba umekoma. Mwaka 1975 mwanamke mmoja, Kandy Fong, alichukua vipande vya filamu vilivyokuwa vimetupwa na wakataji wa studio, akavifanya slaidi, akazionyesha mbele ya wapenzi wenzake moja baada ya moja, wimbo ukiendelea. Angalia basi: takataka za sakafuni! Hakuwa na sinema inayokwenda, alikuwa na picha zilizosimama tu. Lakini watu waliona hadithi mpya ambayo mwenye mchezo hakuitunga.

Miaka michache baadaye deki za video ziliingia nyumbani, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kweli. Nataka nieleze ugumu huu polepole, maana kijana wa leo mwenye simu mkononi hawezi kuuwazia. Ulihitaji deki mbili. Moja inacheza, ya pili inarekodi. Unatafuta kipande unachokitaka katika kanda ya kwanza, unabonyeza, kinaingia katika kanda ya pili; unasimamisha. Lakini deki ukiisimamisha hurudi nyuma kidogo yenyewe kabla ya kuanza tena, kwa hiyo lazima ujue mashine yako hurudi kiasi gani, kama vile mtu anavyojua punda wake hukaidi penye daraja gani. Tena ukichelewa kutafuta kipande cha pili, deki iliyosimamishwa huchoka kungoja ikajizima. Ukikosea katikati, huwezi kuchomoa kipande kimoja na kutia kingine kama tunavyochomoa karatasi katika jalada. Na kunakili upya kanda nzima ni kuiharibu, maana kila nakala ina ukungu zaidi ya mama yake. Kwa hiyo watu walikaa na saa ya kupimia mbio za michezo, wakihesabu kila mstari wa wimbo una sekunde ngapi, wakiandika yote kwenye daftari kabla ya kugusa kitufe.

Mwaka 1990 kundi moja la wanawake wa California lilitengeneza video iitwayo “Pressure”, nayo inaonyesha kazi yenyewe: wanawake sebuleni, deki, kanda zimetapakaa, na uchovu. Naona ni jambo jema kwamba walijipiga picha wenyewe. Kazi ya mikono ya wanawake nyumbani mara nyingi hupita bila mtu kuiandika, hata ikiwa ya mashine.

Upande mwingine walikuwako vijana waliopenda katuni za Kijapani. Mwaka 1982 kijana wa miaka 21, Jim Kaposztas, aliunganisha deki mbili, akachukua sehemu za vita na mauaji katika katuni ya merikebu ya angani, akaziweka juu ya wimbo wa Beatles unaosifu upendo. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye akili. Watu wengi humhesabu yeye kuwa wa kwanza katika ufundi huo wa katuni.

Baadaye zikaja kompyuta. Je, kazi ikawa rahisi? Vidole vilipumzika, lakini jicho likatakiwa kufanya kazi maradufu. Filamu ina picha 24 kwa sekunde moja. Wimbo wa dakika 3 basi ni picha 4,320, na mtu aliyezoea huona kama mkato umechelewa kwa picha moja au mbili tu nyuma ya pigo la ngoma. Wako wanaomaliza video moja kwa miezi mingi. Mke au mume ndani ya nyumba husemaje? Sidhani husema “hongera” kila siku.

Sasa tufike kwenye tuzo, maana hapa ndipo pana neno.

Mwaka 2000 wapenzi wa video za katuni walianzisha mahali pao katika intaneti, AnimeMusicVideos.org, ambapo mtu aliandikisha kazi zake, na wenzake wakazipima. Kila mwaka wanachama walipiga kura kuchagua video bora: ya kuchekesha, ya kuhuzunisha, ya mapigano, na kadhalika. Nje ya hapo kuna mikutano mikubwa ya wapenzi wa katuni, kama ile ya Atlanta iliyoanza mwaka 1995, ambapo video hushindanishwa ukumbini mbele ya umati. Anayeshinda hupata nini? Makofi, na jina lake kusomwa. Hapati shamba wala ng’ombe.

Mimi, msomaji wangu, nina mashaka na zawadi zinazotolewa kwa kura ya kundi. Umeona mashindano ya kwaya. Kila kigango huleta watu wake, na wenye lori kubwa hupata makofi makubwa. Hata huko kwao manung’uniko hayo yapo: kwamba anayejulikana huchaguliwa kwa sababu anajulikana, kwamba katuni inayopendwa na wengi humbeba mtu hata kama mkato wake ni wa kawaida, na kwamba kazi nzuri ya mtu mnyamavu hukaa gizani. Wasiopata kura hata moja baada ya kukesha miezi, wengine huacha kabisa. Si jambo dogo hilo. Mtu ametoa usiku wake mia moja, halafu ukimya.

Lakini watu wale walikuwa na kitu kingine, nami nakipenda kuliko kura. Palepale mtu aliweza kumwandikia mwenziwe maoni marefu, na kumpa alama mpaka 10 kwa kila sehemu: ubunifu, usafi wa picha, usafi wa sauti, jinsi picha na muziki vinavyokwenda pamoja. Sisi tuliopita chuo cha ualimu twalijua jambo hili. Kuna mwalimu anayeandika “Vizuri” chini ya daftari akafunga, na mtoto hajui lipi lilikuwa zuri. Kuna mwingine anayeweka kidole mstari wa saba na kusema, hapa umeharakisha. Mtoto hununa siku ile. Lakini ni huyo wa pili aliyesoma daftari. Mtu anayefanya kazi bila malipo ana njaa ya msomaji wa namna hiyo kuliko njaa ya kikombe cha fedha.

Vilevile, kule Chicago, kati ya mwaka 2002 na 2018, watengenezaji wa video za michezo ya televisheni walikuwa na mkutano wao uitwao VividCon. Video mpya zilionyeshwa katika chumba cha giza, na kanuni ilikuwa kunyamaza. Hakuna kuzungumza juu ya kazi ya mtu! Kisha walikaa kuzijadili waziwazi. Nadhani kimya kile kilikuwa heshima kubwa kuliko makofi.

Jambo lingine lilinishangaza mimi ninayeandika majina ya watu katika daftari siku zote. Wengi wa mafundi hawa hawatumii majina yao. Mwaka 2007 gazeti la New York lilimsifu mmoja wao ajulikanaye kwa jina la Luminosity, nalo likazungumza naye. Alikataa kutoa jina lake halisi. Fikiri, unasifiwa katika gazeti la mji mkubwa namna ile, na jirani yako wa ukuta mmoja hajui kwamba ni wewe! Sababu ilikuwa woga, na woga huo ulikuwa na msingi.

Maana ardhi wanayolima si yao. Picha zina wenyewe, nyimbo zina wenyewe. Mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Wind-up iliwaambia AnimeMusicVideos.org waondoe video zote zilizotumia nyimbo za wasanii wake, kama Evanescence na Creed, nao wakaziondoa. Tangu 2007 YouTube ina mashine inayotambua yenyewe wimbo au picha ya mtu mwingine, na video iliyochukua miezi yaweza kuzuiwa kabla mwenye kuitengeneza hajanywa chai. Wenye nyimbo wana haki, sikatai. Mtunzi naye ana watoto. Lakini siwezi kuwaweka hawa katika kapu moja na yule anayenakili sinema nzima na kuiuza stendi. Huyu hachumi kitu, na alichokifanya hakikuwako kabla yake.

Mwaka 2007 wapenzi wenyewe waliunda chama, Organization for Transformative Works, chenye wanasheria ndani yake. Marekani kuna sheria inayokataza kuvunja kufuli za diski za sinema, na kila baada ya miaka mitatu watu hupewa nafasi ya kuomba ruhusa mbele ya ofisi za Maktaba ya Bunge. Chama kilikwenda na wenzake, wakaeleza kwamba video hizi ni namna ya kusema neno juu ya sinema, kama mwalimu anavyonukuu kitabu ili akipinge. Mwaka 2010 walipata: asiyefanya biashara aruhusiwe kutoa vipande vifupi katika DVD kwa ajili ya kueleza au kukosoa. Ombi hilo halikai milele. Imewapasa kurudi na kuomba tena, na mwaka 2015 ruhusa ilifika hata kwa diski za Blu-ray.

Wazee wa deki, hata hivyo, wana shida ambayo hakuna hakimu wa kuiamua. Kanda ya video huoza. Sumaku yake hufifia, utepe hushikamana, na deki za kuichezea hazitengenezwi tena: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, iliacha mwaka 2016. Mwaka 2022 mwalimu wa chuo kikuu, Francesca Coppa, alitoa kitabu kizima cha historia ya video hizi, na nyingi kati ya zile za zamani zimenakiliwa kwenye kompyuta. Nyingine zimo bado katika masanduku, chini ya vitanda vya wanawake ambao sasa ni bibi, na juu ya jalada pameandikwa kwa kalamu jina la wimbo na mwaka.