Neno la Mhariri: Njia za Lushoto Ziandikwe kwa Jina la Umma

Toleo hili linahusu kutembea kwa miguu katika milima ya Usambara Magharibi, hasa kuuzunguka mji wa Lushoto. Msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini jarida zima lishughulikie vijia vya milimani, ilhali mkoa wa Tanga una bandari, reli na mkonge. Jibu letu ni kwamba vijia hivyo vimekuwapo kabla ya reli na kabla ya mkonge, vinatumika kila siku hadi leo, na juu ya hayo havina mwenyewe kwenye karatasi. Siku hizi vinatafutwa na wageni, na kitu kinachotafutwa hakikosi wa kukidai. Msimamo wetu ni huu: njia za Lushoto ziandikwe kuwa mali ya umma, katika daftari za vijiji vyenyewe, kabla hazijageuzwa bidhaa ya utalii. Mwenyeji atangulie, mgeni afuate.

Tuanze na historia. Kabla Lushoto haijawa mji, kitovu cha Shambaai, yaani nchi ya Wasambaa, kilikuwa Vuga, makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akamkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi iliyoanzia vileleni na kuteremka kuelekea bahari. Dola hiyo haikuwa na barabara ya gurudumu hata moja. Ilisimama juu ya miguu ya wajumbe, ya wapeleka kodi na ya wachuuzi waliopanda na kushuka kati ya milima na pwani ya Pangani. Kimweri alipofariki mwaka 1862, nguvu zilimwendea mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde, chini tambarare, mahali misafara ilipopita na bunduki zilipopatikana. Vuga yenye heshima zote ikaelemewa na Mazinde yenye njia. Tangu zamani, basi, suala la nani anaishika njia katika nchi hii limekuwa suala la nani ana nguvu.

Wajerumani nao walilielewa hilo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo barabara ikapandishwa hadi kituo chao cha utawala walichokiita Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kwenye kimo cha karibu mita 1,400. Kutoka msitu wa Shume walitandaza kamba za chuma angani ili kushusha mbao hadi relini Mkumbara. Kazi zote hizo zilikuwa na shabaha moja, kuuteremsha utajiri wa mlima. Njia za kutoka kijiji hadi kijiji, za kwenda gulioni, kisimani na msibani, hazikujengwa na serikali yoyote. Zimedumu kwa sababu watu wameendelea kuzikanyaga na kuzifyeka. Hata ua dogo la zambarau la Usambara, ambalo mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na ofisa Walter von Saint Paul-Illaire katika miaka ya 1890, lilikuja kuwa biashara ya dunia nzima bila vijiji vya milima hii kuwa na mkono ndani yake. Hatuoni sababu ya njia kufuata mkondo huohuo.

Tazama upande wa kutoka mjini kwenda Irente kupitia Yoghoi. Vijia vinapita ukingoni mwa mashamba ya mahindi na maharage, vikibanwa na majani ya Guatemala yaliyopandwa kushika udongo wa matuta. Upana wake mahali pengine hautoshi watu wawili kupishana, hivyo anayeshuka bila mzigo husimama pembeni kumpisha anayepanda na tenga kichwani. Mwishoni ardhi inakatika ghafla, na Mazinde inaonekana mamia ya mita chini. Mgeni hulipa ili aione mandhari hiyo. Lakini kinachomwezesha kufika ni ruhusa isiyoandikwa popote ya wenye mashamba yale yote. Ardhi ya Lushoto ni finyu, na mashamba yanagawanywa kila kizazi kinapochukua nafasi ya kilichotangulia. Mmoja akisogeza ua wake hatua mbili, au mwekezaji akizungushia uzio eneo lenye mandhari nzuri, njia inakufa, na aliyeitegemea hana hati ya kupeleka barazani.

Dawa ipo ndani ya sheria zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja na kuiweka katika daftari, kwa ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Kinachotakiwa ni wazee, vijana na wenye mashamba kuzitembea njia pamoja, kukubaliana upana, na kuziandika. Jambo hili limewezekana kwingine. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri za Uingereza na Wales kuchora ramani za njia za miguu za umma, na njia iliyomo katika ramani hizo haifungwi kwa matakwa ya mwenye shamba peke yake.

Wapo watakaosema kwamba mkazi wa Mlalo au Mtae hataki kijia, anataka lami. Hoja hiyo ni nzito. Kabichi na karoti haziwezi kufika Kariakoo bila lori, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hapaswi kubebwa kwa machela. Lakini barabara haifiki katika kila mlango wa mteremko, na haitafika. Hata palipo na lami, safari huanza na kumalizikia kwenye kijia, na masika yanapoporomosha udongo barabarani, kijia ndicho kinachobaki. Anayetetea njia ya miguu hampingi mjenga barabara.

Wengine wataogopa mmomonyoko. Ni kweli kwamba njia iliyonyooka kuteremka mlima hugeuka mfereji na hatimaye korongo. Ila hiyo ni sababu ya kuitunza kwa ngazi za mawe na michirizi ya kutoa maji pembeni, na hakuna atakayegharimia matunzo ya kitu ambacho hakitambuliwi. Hapa historia inatupa onyo pia. Mpango wa Waingereza wa kuhifadhi udongo, ulioanzia Mlalo mwaka 1946, uliwalazimisha wakulima kulima matuta waliyopangiwa. Wananchi waliukataa, na mwaka 1957 ukaachwa. Udongo ulihitaji hifadhi kweli, lakini amri iliyotoka juu haikuwasikiliza waliolima. Kwa hiyo daftari la njia lisiandikiwe ofisini wilayani kisha kushushwa kijijini.

Pingamizi la tatu ndilo tunaloliheshimu kuliko yote: kwamba kuandika njia ni kuwaonyesha wageni mahali pa makaburi na matambiko. Jibu ni kwamba kijiji kinachoandika ndicho kinachochagua. Njia moja inaweza kuandikwa kuwa ya wote, nyingine ya wenyeji tu. Leo, bila maandishi, uchaguzi huo unaachiwa yeyote anayemwongoza mgeni. Utalii wa utamaduni umekuwapo Lushoto tangu katikati ya miaka ya 1990, na vijana wengi wanapata riziki kwa kuongoza watalii hadi Irente, Magamba na Mtae. Riziki hiyo ni halali. Itakuwa imara zaidi pale kijiji ambacho njia yake inakanyagwa kitakapojua haki yake na kupokea sehemu ya ada.

Kwa hiyo tunawaomba wenyeviti wa vijiji vya Lushoto waliweke suala la njia katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Tunaiomba halmashauri itoe wapima, na iache uamuzi kwa wanakijiji. Nawe msomaji unayepanga kwenda kutembea huko, uliza njia unayopita ni ya nani, na ulipe panapostahili.