Asiyesema Apewe Maneno ya Kwao

Mtu asiyeweza kutamka neno si mtu asiyekuwa na neno. Miongoni mwa wananchi wa Masasi na Newala wamo watoto wenye mtindio wa ubongo au usonji, na wazee waliopatwa na kiharusi, ambao husikia na kufahamu yote yasemwayo mbele yao, lakini ulimi hauwatii. Hawa si viziwi, ambao wanayo Lugha yao ya Alama. Hawa wahitaji njia nyingine.

Njia hiyo ipo. Ni programu ya simu au kishikwambi ambayo mtumiaji hugusa picha, na chombo kikatamka neno. Vyombo navyo si vigeni kwetu, kwani baada ya Sensa ya mwaka 2022 Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Kazi iliyobaki ni kuchagua programu ifaayo na kuijaza maneno yafaayo.

Katika kuchagua, tusivutiwe na bei kubwa wala rangi nzuri. Programu ifanye kazi pasipo intaneti. Ikubali picha zilizopigwa hapa na sauti zilizorekodiwa hapa. Na ukubwa wa picha ulingane na uwezo wa mkono wa mtumiaji. Zipo za bure, kama vile Cboard, na zipo picha za ARASAAC zinazotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania.

Hata hivyo, programu iliyotengenezwa ughaibuni haimjui mtoto wa Newala. Yeye ahitaji neno "maji" mahali pa kwanza, kwa kuwa katika uwanda wa Makonde shida ya maji ni ya tangu enzi. Ahitaji muhogo, mkorosho, bibi na mjomba. Ahitaji kusikilizana na nyumba inayozungumza Kimakonde, Kiyao au Kimakua, na sauti ya binti irekodiwe na binti wa rika lake. Mambo hayo hayajui mtaalamu wa mbali. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi mzazi na akae pamoja na mwalimu wakati wa kuchagua maneno.

Aidha, tusimpe mtoto maneno ya kuomba uji tu. Apewe "sitaki", "inauma" na "amenipiga". Mtoto asiyeweza kushtaki ni windo jepesi la kila mwovu.

Wako wanaohofu kwamba chombo kitamfanya mtoto avivie kusema. Utafiti umekwisha kuonyesha kwamba sivyo. Wengine hata huongeza maneno ya kinywa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Haki haiishii katika karatasi. Tunazitaka halmashauri zetu ziwatambue wananchi hawa kijiji kwa kijiji, ziwafunze walimu na wahudumu wa afya kazi hii, na kila mtumiaji apewe pia ubao wa picha za karatasi, maana betri huisha na umeme hukatika. Kishikwambi kilichofungiwa kabatini hakimsemei mtu.