Uvira: Kabla ya makaa ya mawe "safi", kuna makala ya jikoni

Jioni, kutoka Kavimvira hadi Kalundu, moshi unapanda juu ya nyumba. Ni moshi wa mbabula. Mama anasonga bugali, ndagala zinangoja, na gunia la makala linaisha kabla ya mwezi kuisha. Kwa familia nyingi za wahami, hata gunia halinunuliki: makala yananunuliwa kidogo kidogo, siku kwa siku, na kwa njia hiyo maskini analipa zaidi ya tajiri.

Ndiyo sababu neno lolote linaloahidi umeme linasikilizwa kwa hamu. Mojawapo ni makaa ya mawe "safi". Huko kusini, katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie, makaa ya mawe yapo na yalichimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Wanaoyatetea wanasema vituo vya leo vina machujio na vinachoma makaa machache zaidi kwa umeme uleule. Basi Afrika isinyimwe kile kilichoijenga Ulaya.

Hoja hiyo ina haki ndani yake. Mtu asiye na balbu moja hawezi kufundishwa adabu na nchi zilizochoma makaa kwa zaidi ya miaka 200. Lakini faida kwa mkaaji wa Uvira ni jambo lingine. Chujio linakamata vumbi na salfa. Halikamati hewa ya kaboni inayopasha dunia joto. Mitambo ya kuikamata ipo, ila ni ghali sana, na ni vituo vichache tu duniani vilivyo nayo. Majivu nayo yanahitaji mahali pa kutupwa, na kando ya ziwa hili watu wa nchi nne wanavua samaki.

Wakaaji wa Lamu, pwani ya Kenya, walipewa ahadi ya namna hiyo. Kituo cha megawati 1,050 kilisemwa kuwa cha kisasa. Juni 2019, mahakama ya mazingira ilifuta kibali chake, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa Uvira, makaa ya Lukuga yako mbali, lakini mto Ruzizi uko mlangoni. Ruzizi ya kwanza inatoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, ya pili tangu 1989. Ya tatu, ya megawati 206, imepangwa kugawanywa kati ya Congo, Rwanda na Burundi. Kinachokosekana ni nyaya zinazofika mitaani na usimamizi wa mto wenyewe: takataka za plastiki kutoka ziwa Kivu zinaziba mitambo kule Bukavu.

Hata nyaya zikifika, umeme wa kwanza utaenda kwenye balbu na simu. Sufuria itabaki juu ya makala, na makala yanatoka kwenye miti ya milimani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli; lakini mlima uliovuliwa miti haushiki maji.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya nishati safi Uvira iko jikoni. Mbabula iliyoboreshwa inapunguza makala yanayochomwa. Maganda ya mpunga wa bonde la Ruzizi yanaweza kugandamizwa kuwa briketi. Miti ya kuchoma inaweza kupandwa ili ile ya milimani ipumzike. Na mashirika ya misaada yakumbuke: anayegawa maharagi bila cha kuyapikia amegawa nusu ya chakula. Nusu nyingine mama mhami anaifuata porini, akitafuta kuni mahali ambapo wenye silaha wanapita.

Siku mtu atakapokuja na mradi wa umeme, uwe wa makaa, wa maji au wa jua, wakaaji wasiulize megawati peke yake. Waulize nyaya zitafika mtaa gani, kwa bei gani, na mama wa Kavimvira atapikia nini. Asiyekuwa na jibu la hayo arudi kwanza kuwasikiliza wapishi.