Kijana anaposafiri peke yake kwa ndege: tiketi humwita mtu mzima, sheria humwita mtoto

Mama mmoja mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, alifika uwanja wa ndege na binti yake wa miaka 13 saa tatu kabla ya ndege kuondoka. Tiketi ilikuwepo, pasipoti ilikuwepo, na sanduku lilikuwa limeshapimwa nyumbani kwa mizani ya jirani. Binti alikuwa anakwenda Johannesburg kumtembelea mama yake mdogo wakati wa likizo.

Mhudumu wa kaunta aliifungua pasipoti, akamtazama binti, kisha akauliza, “Mama, na wewe unasafiri?”

“Hapana dada, nimemsindikiza tu.”

“Barua ya ridhaa ya wazazi iko wapi? Na ya huyo anayempokea?”

Hakukuwa na barua hata moja. Baba wa binti alikuwa Songea kikazi, na simu yake haikupatikana hadi mchana. Ndege iliondoka, binti akarudi nyumbani akilia.

Jioni, sanduku lilipofunguliwa, mama akaona jambo jingine lililomnyima usingizi. Binti ana pumu, na inhela yake ilikuwa imefungwa chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu. Kama angesafiri, dawa ingekaa kwenye shehena huku yeye akiwa juu kwenye kiti.

“Nilinunua tiketi kwenye simu, haikuniuliza chochote,” mama huyo alimwambia mumewe. “Nilijua mambo yameisha.”

Kosa lake ni la wazazi wengi. Katika nauli za ndege, abiria akifikisha miaka 12 huhesabiwa kuwa mtu mzima. Mfumo unaouza tiketi hautazami zaidi ya hapo. Lakini Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na maofisa uhamiaji wa nchi nyingi hutumia umri huohuo. Kati ya miaka 12 na 18, kijana ni mtu mzima kwenye tiketi na mtoto mbele ya ofisa.

Mashirika mengi ya ndege yana huduma ya mtoto anayesafiri bila mtu mzima. Mzazi hujaza fomu, hulipa ada, na mtoto hukabidhiwa kwa mfanyakazi wa shirika hadi kwa mpokeaji aliyetajwa kwenye fomu. Mpokeaji huyo lazima aonyeshe kitambulisho chenye jina lilelile. Akija mjomba badala ya shangazi aliyeandikwa, mtoto hatolewi.

Umri wa kulazimika kutumia huduma hiyo hutofautiana. Kwa mashirika mengi ni kuanzia miaka mitano hadi 11, na wa miaka 12 na kuendelea huipata mzazi akiiomba. Marekani, mashirika ya American, Delta na United huilazimisha hadi miaka 14, na wa miaka 15 hadi 17 huchagua. Ada yao ni dola 150 kwa safari ya upande mmoja. Ryanair ya Ulaya haina huduma hiyo kabisa. Aliye chini ya miaka 16 lazima aongozane na mwenye miaka 16 au zaidi. Hivyo kijana wa Arusha anayekwenda kwa ndugu Ulaya kwa ndege mbili za mashirika tofauti anaweza kukubaliwa na ya kwanza, akakataliwa na ya pili.

Umri unaohesabiwa ni wa siku ya safari, si wa siku ya kununua tiketi. Huduma hii pia mara nyingi huombwa kwa simu au ofisini mapema, na baadhi ya mashirika hayaipokei kama kuna kubadilisha ndege njiani.

Nchi anayokwenda nayo ina masharti yake. Afrika Kusini humtaka mtoto anayeingia peke yake awe na ridhaa ya wazazi kwa maandishi, barua ya mpokeaji yenye anwani na simu, nakala ya kitambulisho au pasipoti ya mpokeaji, na cheti cha kuzaliwa. Mzazi anayelea peke yake, au mlezi, aulize mapema ni nyaraka gani zitathibitisha haki yake ya kutoa ridhaa hiyo.

Kuna pia suala la afya. Hewa ndani ya ndege ikiwa juu ni kama ya mtu aliye mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 kutoka usawa wa bahari. Kijana mwenye afya njema hahisi kitu. Mwenye selimundu, pumu isiyotulia au tatizo la moyo anahitaji kuonana na daktari kabla ya kukata tiketi. Mwenye selimundu aelezwe pia anywe maji ya kutosha na asikae kwenye kiti muda wote bila kunyoosha miguu.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake halisi zenye jina lake, pamoja na barua ya daktari. Wahudumu wa ndege kwa kawaida hawampi mtoto dawa zake, hivyo lazima ajue mwenyewe kuzitumia na saa zake. Baadhi ya dawa za maumivu, kama tramadol na codeine, hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, hata kwa anayepita tu. Kama nchi anayokwenda inadai cheti cha homa ya manjano, chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla, kwani cheti huanza kutambulika baada ya siku hizo.

Lililobaki ni maswali ya mezani nyumbani, wiki moja kabla. Ndege ikichelewa, utamwendea nani? Ukikosa ndege ya pili, utalala wapi, wakati hoteli nyingi hazimpokei aliye chini ya miaka 18? Simu ikizima, namba ya mama unaikumbuka? Mtu asiyevaa sare akisema ametumwa akuchukue, utafanya nini? Kijana anayejibu bila kumtazama mzazi yuko tayari. Anayebabaika aombewe huduma ya kusindikizwa, hata kama ana miaka 15 na anasema ni aibu.

Binti wa Tabata alisafiri siku tisa baadaye. Baba alitoa ridhaa yake mbele ya wakili Songea na kuituma kwa basi. Mama mdogo alituma barua na nakala ya kitambulisho. Safari hii wazazi waliomba huduma ya kusindikizwa.

“Mama, mimi si mtoto,” binti alilalamika kwenye kaunta.

“Najua mwanangu,” mama alijibu. “Inhela iko wapi?”

Binti akapiga mfuko wa mbele wa begi lake la mgongoni. Mama akabaki uwanjani hadi ndege iliporuka.