Tuwafunze wanafunzi kuthibitisha, si kubonyeza tu

Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja niliyokuwa nikifundisha, msichana wa kidato cha tatu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo ya Sh6,000. Kesho yake mamake alifika shuleni, stakabadhi mkononi, akishikilia kwamba deni lililobaki lilikuwa Sh2,000 tu. Mimi, mwalimu wa darasa, nilimjibu kwa ujasiri kwamba tarakilishi haikosei. Leo nakiri kuwa nilimkosea mama yule.

Mambo yalikwenda hivi. Deni la mtoto lilikuwa Sh9,000. Asubuhi moja mama alilipa Sh4,000 kwa karani wa kwanza, na wakati uo huo mjomba wa mtoto alikuwa akilipa Sh3,000 kwa karani wa pili. Tarakilishi zote mbili zilisoma daftari moja la pamoja, zikaona 9,000, kila moja ikatoa malipo yake. Ya kwanza ikaandika 5,000. Ya pili, iliyokuwa bado inahesabu kwa ile 9,000 ya awali, ikaandika 6,000 juu yake. Malipo ya mama yakapotea bila mtu kuyaiba. Na programu hiyo ilikuwa imejaribiwa muhula mzima, karani mmoja kwa wakati, isikosee hata siku moja.

Wahenga walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wataalamu wa tarakilishi waliligundua jambo hili mapema. Mwaka 1965, Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha jibu la swali linaloonekana jepesi: kazi kadhaa zinazotendwa sambamba zitapeanaje zamu, ili mbili zisishike kitu kimoja kwa wakati mmoja?

Mwaka 1974, Mmarekani Leslie Lamport alitoa jibu lake kwa mfano wa foleni ya duka la mikate. Kila anayeingia hujichukulia nambari inayozidi zote anazoziona, kisha hungoja wenye nambari ndogo wahudumiwe. Je, wawili wakijikuta na nambari moja? Kila mmoja ana nambari nyingine ya kudumu aliyopewa tangu mwanzo, na mwenye ndogo hutangulia. Hakuna bawabu wa kugawa nambari mlangoni. Ajabu ni kwamba utaratibu huu hausambaratiki hata mmoja akiisoma nambari ya mwenzake wakati ingali inaandikwa. Lamport hakutosheka kusema ameujaribu ukafaulu. Aliuthibitisha kwa hoja, hatua kwa hatua, kama tunavyothibitisha kanuni za jiometri.

Mwaka 1978 alitazama mbali zaidi. Tarakilishi zikiwa miji tofauti, kila moja ina saa yake, na saa hizo hazilingani kikamilifu. Tutajuaje tukio lipi lilitangulia? Lamport alijibu kwa jambo ambalo hata mtoto analijua: barua haiwezi kupokelewa kabla ya kutumwa. Kwa kufuata ujumbe unaotumwa na kupokelewa, tunaweza kupanga matukio bila kuitegemea saa ya ukutani. Kwa kazi za namna hii alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2013.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya vyuo vikuu, na kwamba mwanafunzi wa sekondari yampasa kwanza ajue kupiga chapa. Sikubaliani nao. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya tiba ya saratani iitwayo Therac-25 iliwamiminia wagonjwa wasiopungua 6 miale iliyozidi kipimo kwa mbali, na baadhi yao wakafa. Miongoni mwa sababu ilikuwa kasoro ya zamu: mhudumu aliyezoea kazi aliweza kusahihisha maandishi upesi mno, sehemu moja ya programu ikashika agizo jipya hali nyingine ingali na la zamani. Waliokuwa wakiandika polepole hawakuiona kasoro hiyo.

Hapa kwetu, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, karo, kodi ya nyumba na hata nauli vinapita simuni. Watu wasiohesabika hutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Vijana tunaowafundisha ndio watakaotengeneza na kutunza mitambo ya namna hiyo. Je, tutawaridhia waseme tu kwamba waliijaribu ikafanya kazi?

Walimu wenzangu, somo hili halihitaji hata umeme. Wasimamisheni wanafunzi wawili mbele ya darasa na daftari moja lililoandikwa 9,000. Mmoja atoe 4,000, mwingine 3,000, kila mmoja akisoma, akihesabu kando na kuandika kwa kasi yake. Darasa liorodheshe njia zote ambazo hatua hizo zinaweza kupishana, kisha litunge kanuni itakayoleta 2,000 kila mara. Atakayedai kanuni yake ni sahihi aulizwe kwa nini haiwezi kukosea. Tumpe alama kwa hoja yake, si kwa kilichotokea kwenye kioo tu.

Nanyi wanafunzi, msiogope kuhoji mashine. Msichana yule alikosa masomo siku tatu kabla ya stakabadhi kulinganishwa na daftari. Stakabadhi ya mamake ilikuwa ushahidi. Mimi nilikuwa na imani tu.