Donge Lisiloshikika kwa Kidole

Mwaka 1913, mjini Berlin, daktari mpasuaji aitwaye Albert Salomon alichunguza matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa kwa sababu ya kansa. Aliyapiga picha za eksirei, kisha akazilinganisha na yale aliyoyaona kwa hadubini. Ilikuwa kazi ya huzuni, maana wenye matiti hayo picha hazikuweza kuwafaa tena. Hata hivyo aliona jinsi kansa inavyotambaa kuelekea kwapani, akaona na vidoa vidogo mno asivyovijua maana. Leo inafahamika kuwa hivyo ni chembe za chokaa. Zikijikusanya kwa namna fulani, huenda zikawa dalili ya kansa changa ambayo kidole cha daktari hakiwezi kuigusa.

Salomon hakuvuna alichopanda. Alikuwa Myahudi; utawala wa Hitler ulimwondoa chuoni, ukamtia kambini mwaka 1938, na binti yake Charlotte, mchoraji, akauawa Auschwitz mwaka 1943.

Je, picha huokoa maisha? Jibu lilitafutwa New York kuanzia Desemba 1963. Dakta Philip Strax, ambaye mkewe alikufa kwa ugonjwa huo huo, aliwachunguza pamoja na wenzake wanawake wapatao 62,000 wa umri wa miaka 40 hadi 64. Nusu yao waliitwa kila mwaka wapigwe picha na kupapaswa na daktari. Waliobaki waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya miaka kumi, vifo vya kansa ya matiti katika kundi la kwanza vilikuwa pungufu kwa asilimia 30 hivi. Wataalamu hawajaacha kubishana juu ya ukubwa wa faida hiyo, kwani picha hufichua pia vivimbe ambavyo pengine visingemdhuru mtu.

Mama aendaye kupigwa picha na ajue kwamba titi hubanwa kati ya vibao viwili kwa sekunde chache. Huuma, lakini lisipobanwa nyama hulaliana na picha ikawa ukungu. Mafuta huonekana meusi, uvimbe mweupe. Taabu ni kwamba tezi za titi la kijana nazo ni nyeupe, na kutafuta uvimbe humo ni kama kutafuta punje ya mchele katika pamba. Ndiyo sababu vijana huanza kwa altrasaundi, itumiayo mawimbi ya sauti wala si mionzi.

Huko Sweden, matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 kwa wanawake zaidi ya 80,000 yalionyesha kuwa kompyuta ilipunguza kazi ya madaktari ya kusoma picha kwa asilimia 44, na kansa zilizogunduliwa hazikupungua.

Lakini mashine zote hizo humngoja mtu afike. Mke wa askari aliyeshika donge, au aliyeona ngozi ya titi imebonyea, au chuchu inatoa damu, asingoje mumewe arudi kutoka mpakani. Na hata picha isipoonyesha kitu, donge likiwapo daktari huchukua kipande kwa sindano kikapimwe maabara.