"Ya bure" si ya kuokota, jamani!

Nimekuwa kimya wiki tatu, mazoezi ya kufundisha yamenimaliza. Leo nimerudi na la moyoni, na najua wapo watakaonuna. Nuneni tu.

Mnajua kwamba bumu likikata, mimi na jamaa zangu wawili huwa tunatengeneza tovuti za wateja. Safari hii tulipata kazi ya shule moja ya msingi. Mwalimu mkuu anataka awe anaandika matangazo mwenyewe, bila kutuita sisi. Basi tukaweka ndani yake TinyMCE, ile sehemu ya kuandikia yenye vitufe vya kukoza maneno na kuweka picha. Hatukuitengeneza sisi. Tumeishusha kwenye intaneti, toleo la 7, bila kutoa hata senti tano.

Kasheshe ikaja kwenye mkataba. Jamaa yangu kaandika kwamba programu yote ni mali yetu, shule hairuhusiwi kuifungua, kuibadilisha wala kumpa fundi mwingine. Nikamuuliza, na hiyo TinyMCE je? Akacheka: "Si ya bure hiyo?"

Ya bure kwa masharti gani? Toleo la 6, la mwaka 2022, lilikuwa na leseni ya MIT, ambayo ni laini: tumia utakavyo, ila usifute jina la mwenye kazi na maneno ya leseni. Toleo la 7, la mwaka 2024, ni GPL, au ulipie leseni ya biashara. Ukiiweka kwenye seva yako bila kulipa, unaandika kwa mkono wako neno gpl pale kwenye license_key. Yaani umekubali masharti, halafu unamgeukia mteja unamwambia ni yako!

Na msinisingizie kwamba napinga watu kula jasho lao. GPL haikatazi kuuza, chaji unavyoweza. Inachokataza ni kumnyima unayemkabidhi zile haki ulizopewa wewe: kuisoma, kuibadilisha, kuwagawia wengine. Ukiiunga na kazi yako ikawa programu moja, unamkabidhi na chanzo chake chote, kwa leseni hiyo hiyo. Hutaki? Lipia ile ya biashara, au chukua Quill, ambayo leseni yake ni BSD. Njia zipo, tatizo ni uvivu wa kusoma.

Wengine watasema, "Bongo hii nani anakagua leseni?" Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Lakini tuache sheria. Mwakani sisi tunamaliza, kila mtu na njia yake. Tovuti ikiharibika, mwalimu mkuu atampigia nani? Kwa mkataba ule hawezi hata kuita fundi wa mtaa wa pili. Ada za watoto wa watu zimenunua kitu ambacho shule haina ruhusa ya kukitengeneza, na sehemu yake nzuri kabisa sisi tulipewa na wenzetu kwa moyo mweupe.

Na sisi ndio walimu wa kesho! Mtoto akidesa insha na kufuta jina la mwenzake, tutampa sifuri. Mkubwa akidesa programu, tunamwita mjasiriamali.

Nimekataa kusaini. Laki na nusu yangu imeyeyuka, na jamaa haniongeleshi ingawa tunalala chumba kimoja. Nimeandika mkataba mwingine, ukurasa mmoja tu: hii ni kazi yetu, hii ni TinyMCE, leseni yake hii hapa, na chanzo chote mnakabidhiwa. Nimeuweka kitandani kwake. Kauhamishia kwenye meza, hajausoma.

Naomba kuwasilisha. Kama nimekosea, njooni na hoja, matusi bakini nayo.